Mume yuko Marekani, mimi Dodoma: ritani ya pamoja?

SWALI: Mume wangu ameajiriwa Marekani, mwaka wa tatu sasa. Mimi ni mwalimu hapa Dodoma na watoto wetu wawili. Ajaze ritani (fomu ya mwaka ya kodi ya Marekani) ya pamoja nami au peke yake? – Mama Wawili, Area C

JIBU: Pamoja mara nyingi kuna nafuu: kwa mwaka 2025 punguzo la kawaida (sehemu ya kipato isiyotozwa kodi) ni dola 31,500, peke yake, 15,750. Ila mshahara wako wa huku nao utaingia Fomu 1040 (ndiyo ritani yenyewe), kwa hiyo tunza hati za PAYE, kodi unayokatwa kwenye mshahara. Kodi hiyo uliyolipa huku huombewa nafuu Marekani kwa Fomu 1116. Ambatisheni tamko la kuchagua uhesabiwe mkazi wa Marekani kikodi, lenye saini zenu wote wawili, pamoja na fomu W-7 ya kukuombea ITIN, namba ya mlipakodi. Wengi hukwama hapo: nakala ya pasipoti iliyogongwa muhuri na wakili haikubaliki. Watoto wasio raia wala wakazi wa Marekani hawampi nafuu ya mtoto, na kwa kuwa hawaishi naye, hawamfanyi “mkuu wa kaya” (daraja la kodi lenye nafuu).