"Umeelewa?" haitoshi: jibu kwa mdogo wangu anayemaliza intanshipu ya famasi

Mdogo wangu, umeuliza mambo matatu: ubaki hospitali au uende famasi ya mtaani, utajifunzaje kuongea na wagonjwa maana chuoni hamkufundishwa vya kutosha, na ufanye nini na yule mwenye duka anayetaka leseni yako. Nimefanya kazi hospitali miaka sita, sasa nipo famasi ya mtaani, hapahapa Tanzania. Nakujibu kwa niliyoyapitia.

Nianze na kuongea, maana ndiko nilikoumia. Nikiwa intani, dirishani foleni imefika mlangoni, alikuja mama mmoja na cheti cha klotrimazole, dawa ya fangasi, vidonge sita vya kuweka ukeni. Niliona aibu kulitamka hilo neno mbele za watu. Nikaandika kwenye bahasha "1 usiku, siku 6", nikamuuliza "Umeelewa mama?" Akasema ndiyo. Siku ya tatu akarudi, akaniambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, hizi dawa zinanishinda kumeza, zinanata kooni." Alikuwa amemeza mbili. Hakudhurika, lakini ugonjwa wake ulikuwa palepale, na kosa lilikuwa langu.

Tangu siku hiyo sijaitegemea tena "umeelewa?" Mgonjwa wetu atakujibu ndiyo kwa heshima, hasa akikuita daktari na nyuma yake watu wanaguna. Mimi nauliza hivi: "Mama, ukifika nyumbani utaitumiaje hii? Hebu nieleze." Na dawa ya sehemu za siri namwita pembeni, hata kama pembeni penyewe ni nyuma ya kabati. Foleni itasubiri.

Jaribu na dawa ya mseto ya malaria uone. Mtu mzima anapewa vidonge 24, vinne kila mara, kwa siku tatu. Ukimwambia "asubuhi na jioni" tu, umemwacha njiani, kwa sababu dozi ya pili inatakiwa masaa manane baada ya ile ya kwanza. Akimeza ya kwanza hapo dirishani saa 10 jioni, ya pili ni saa 6 usiku. Mwambie hivyo kwa saa zake, mwambie ameze na chakula chenye mafuta au maziwa, kisha siku mbili zinazofuata ndiyo asubuhi na jioni. Halafu akurudishie maelezo. Wengi wanakosea hapo pa usiku, na hapo ndipo unapomsaidia.

Hospitali itakufundisha kitu ambacho mtaani hutakipata kwa urahisi: kuongea na daktari. Nililetewa cheti cha mgonjwa wa viungo, methotrekseti imeandikwa kutwa mara moja. Kwa ugonjwa ule hiyo dawa humezwa mara moja kwa wiki. Akiimeza kila siku inaweza kuzima uboho, unaotengeneza damu, na kumuua. Aliyeandika alikuwa bingwa, mimi mgeni. Mikono ilikuwa inatetemeka, lakini nikapiga simu: "Shikamoo daktari. Nina cheti cha mgonjwa wako wa viungo, methotrekseti imesomeka kila siku. Ulikusudia kwa wiki?" Akanyamaza kidogo. "Eeh, kwa wiki. Rekebisha, na ahsante sana." Kwenye bahasha niliandika kwa herufi kubwa JUMATATU TU. Usimwambie daktari amekosea, wala usibadilishe kimyakimya. Muulize alichokusudia, kisha andika mlichokubaliana, na saa mliyoongea.

Mtaani mtihani wako mkubwa ni pesa. Atakuja kijana ana mafua: "Nipe amoksilini za elfu moja." Bosi anakutazama. Mimi huwa namwambia mafua yanatokana na virusi, amoksilini haiviui, nampa paracetamol na kumweleza dalili za kurudi nazo. Wapo wanaoondoka wakanunue duka la pili, na bosi wa kwanza niliyemfanyia kazi alinikasirikia wazi kwa sababu hiyo. Niliondoka pale. Najua si kila mtu anaweza kuacha kazi, kwa hiyo nakushauri uliulize hilo kabla hujasaini mkataba: akija mteja bila cheti, nani anaamua?

Ukiniuliza uanzie wapi, anza hospitali, walau miaka miwili.

Na yule anayekuahidi pesa kila mwezi uache leseni yako ining'inie ukutani kwake bila wewe kufika: kataa leo hii. Jina litakalosomeka pale ni lako. Siku dawa itakapotoka vibaya, Baraza la Famasi litakuita wewe, utaulizwa ulimweleza nini mgonjwa, na wakati huo keshaimeza.