Nani anamshika nani? Kwa wanaosumbuliwa na statiki

Testi yangu ya kwanza ya statiki, somo la nguvu kwenye vitu vilivyotulia, nilipata 11 kati ya 40. Fomula zote nilikuwa nazo kichwani, hadi zile ambazo mwalimu hakuzitunga. Wenzangu walinipa pole, mmoja akanishauri nianze kujiandaa na sapu mapema.

Likizo ile nilirudi nyumbani Mwanza, nikawa nashinda Mwaloni Kirumba nikimsaidia mama na biashara yake ya dagaa. Boti ikifika kutoka visiwani, hutupwa ubao kutoka ubavuni mwake hadi nchi kavu, na wachukuzi hupita juu yake na magunia begani. Ubao ule nimeuona tangu utoto, lakini siku hiyo ndiyo niliuangalia. Mchukuzi akiukanyaga tu, upande wa boti unazama kidogo. Anavyosogea, ubao unazidi kubonyea, akifika katikati umebonyea kuliko pote, kisha unaanza kunyooka kadiri anavyoikaribia nchi kavu. Mtu ni yule yule, gunia ni lile lile. Kilichobadilika ni mahali aliposimama.

Nikachukua kipande cha boksi nikapiga hesabu. Tuseme yeye na gunia lake wana kilo 120, yaani kilonyutoni 1.2 ukikadiria mvutano wa dunia kuwa 10. Ubao una urefu wa mita 4. Akiwa mita 1 kutoka kwenye boti, yuko mita 3 kutoka nchi kavu. Hiyo 3 mara 1.2 inakuwa 3.6, gawa kwa 4 unapata 0.9. Basi boti imebeba 0.9 na nchi kavu 0.3. Alipo yeye, ubao una momenti ya kupinda (nguvu mara umbali) ya 0.9 mara 1, yaani 0.9. Akifika katikati, kila upande unabeba 0.6, na momenti inapanda hadi 1.2. Ile fomula ya PL/4 (mzigo mara urefu, gawa kwa 4) niliyokuwa nimeikariri kama shairi ilikuwa inatembea mbele yangu pekupeku, inanuka dagaa.

Ushauri wangu wote umetoka kwenye kipande kile cha boksi. Kabla hujagusa kikokotoo, jiulize nani anamshika nani, kisha chora. Chagua kitu kimoja tu. Kama ni ubao, ni ubao peke yake. Futa boti, futa nchi kavu, futa mchukuzi. Kila mahali ulipofuta mgusano, weka mshale wa nguvu badala yake. Wengi hukosea hapa: wanachora ubao, halafu boti wanaiacha pale pale, na mshale nao wanauweka. Ukiiacha boti, mshale usiuweke; ukiuweka mshale, boti haipo tena. Ukija kuichora boti kivyake, mshale ule ule unageuka na kuelekea chini, kwa kipimo kile kile. Ndiyo kanuni ya tatu ya Newton, hana jingine alilokuwa anasema pale.

Aina za egemeo, yaani kile kinachokishikilia kitu chako, nazo usizikariri. Uliza tu: egemeo hili linanizuia nisifanye nini? Likikuzuia kushuka lakini ukaweza kuteleza kwenda pembeni, lina nguvu moja usiyoijua. Likiwa kama bawaba ya mlango, halikuruhusu kwenda popote ila kuzunguka, nguvu mbili. Likiwa limezikwa ukutani, ni nguvu mbili na momenti juu yake. Kamba na waya huvuta tu, havijui kusukuma.

Kuna ajali moja ambayo kila mwanafunzi wa miundo angekaa nayo jioni moja na penseli mkononi. Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, njia mbili za kupitia watu, zilizoning'inizwa ukumbini moja juu ya nyingine, ziliporomoka. Watu 114 walikufa. Mchoro wa awali ulikuwa na vyuma virefu vilivyoshuka kutoka darini, vikapita kwenye njia ya juu na kuendelea hadi ya chini. Kila njia ilikaa juu ya nati zake. Baadaye kila chuma kikagawanywa viwili: kimoja kutoka darini hadi njia ya juu, kingine kikaanzia hapo kwenda ya chini. Kwenye karatasi unaona kama si kitu. Sasa jifikirie wewe na rafiki yako mmening'inia kwenye kamba moja, kila mtu na mikono yake. Rafiki yako anaiachia kamba, anakushika miguu. Kamba huko juu haijui kama kuna kilichobadilika, uzito wenu ni ule ule. Mikono yako ndiyo itakayojua. Nati ya njia ya juu ilijikuta imebeba njia zote mbili, na hata mchoro wa awali wenyewe haukuwa na nguvu zilizotakiwa na kanuni za ujenzi za mji ule. Chora nati ile peke yake, na mishale yake, dakika tano hazifiki utakuwa umeliona tatizo.

Kosa langu mwenyewe halikuua mtu, lakini bado linaniuma. Nilikuwa field, yaani mafunzo kwa vitendo, mwaka wa pili, kwenye jengo la maduka pembeni ya mji. Juu ya milango kulikuwa na zege la kukinga mvua, limetokeza mita 1.2 nje ya ukuta bila nguzo yoyote. Nondo zilifungwa upande wa juu, kama inavyotakiwa. Vijana wakaja na karai za zege, wakawa wanazikanyaga zile nondo, zikalala chini kabisa kwenye mbao. Niliona. Lakini nilikuwa na miaka 21 na kofia mpya, na fundi mkuu alikuwa na umri wa kunizaa. Nikanyamaza.

Siku tulipong'oa mirunda ufa ulitokea upande wa juu, sambamba na ukuta, mwembamba kama uzi. Kesho yake ulikuwa unaingiza ncha ya kisu. Fundi alipanda ngazi, akautazama, akashuka taratibu.

"Mwanangu, siku ya zege uliona nondo zimelala?"

"Niliona, mzee."

"Ukasemaje?"

Sikuwa na la kujibu. Mirunda ikarudishwa mchana ule ule, zege likavunjwa, likamwagwa upya, na gharama fundi akakatwa kwenye malipo yake. Mimi sikukatwa kitu.

Ukitaka kuelewa kwa nini nondo zinakaa juu, tafuta kipande cha godoro chenye umbo la tofali. Ubavuni kichore mistari ya wima kwa kalamu, iachane sawasawa. Kwanza kiweke juu ya vikombe viwili, ukibonyeze katikati: mistari inaachana upande wa chini, inakaribiana upande wa juu. Huo ndio ubao wa mwaloni, na ndiyo bimu ya kawaida. Halafu shika mwisho mmoja kwa nguvu, uache mwingine uning'inie hewani. Sasa mistari inaachana juu, karibu na mkono wako. Zege linastahimili sana kubanwa, lakini kwenye kuvutwa lina kama sehemu moja ya kumi tu ya nguvu hiyo. Palipo na mistari inayoachana ndipo nondo inapotakiwa. Ukiukariri mchoro wa momenti bila kujua upande upi unavutwa, utapata maksi zako na jengo litapasuka.

Na ukiwa na ubao wenyewe, ulaze halafu usimamishe kwa ubavu. Wa milimita 50 kwa 200, ukiusimamisha unapata uwezo mara 4 wa kuhimili mpindo, na ugumu wa kubonyea unaongezeka mara 16. Kimo kinapigwa kipeo cha pili kwenye uwezo, cha tatu kwenye ugumu. Mafundi wetu wanalijua hili bila kuandika popote. Hutaona boriti ya paa imelazwa.

Nikitaja paa nakumbuka swali ninalopenda kuwauliza vijana. Kenchi rahisi ya pembetatu ina mbao mbili za mteremko, mbao ya chini inayounganisha miguu, na mbao ya wima katikati. Ile ya katikati inafanya kazi gani? Karibu wote hujibu kwamba inakishikilia kilele kisianguke. Haya, litenge lile ungio la chini katikati. Pana mbao mbili za kulala, kushoto na kulia, na moja ya wima. Mbao za kulala haziwezi kubeba chochote cha kwenda juu au chini. Kama hakuna mzigo uliotundikwa pale, ile ya wima ina sifuri. Ukitundika dari, inavutwa: kilele ndicho kinachoishikilia mbao ya chini isibonyee, kinyume cha tulivyodhani. Nilipomweleza fundi mmoja akacheka sana, akasema ndiyo maana misumari ya pale chini huwa inang'oka. (Ukiikalisha ile mbao ya chini kwenye ukuta wa ndani, umeanzisha habari nyingine kabisa. Nitaifikia.)

Kenchi hiyo ina maungio 4 na vipande 5, ukihesabu mbao ya chini kuwa vipande viwili. Vipande 5 na nguvu 3 za maegemeo (2 za bawaba, 1 ya egemeo linaloteleza) vinakuwa 8, sawa na mara mbili ya maungio. Ikilingana hivyo, kwa kawaida milinganyo yako ya mizani (nguvu na momenti zote zijumlike kuwa sifuri) inatosha. Ikipungua, kenchi italegea.

Mengine ni ya kukumbushana tu. Momenti ipige kwenye nukta yenye nguvu nyingi usizozijua, zinajifuta zenyewe. Kilo si nyutoni. Usichanganye milimita na mita kwenye mstari mmoja. Ukimaliza, jumlisha nguvu za maegemeo uone kama zinafika uzito wote. Jibu likija na alama ya kutoa usilifute, mshale wako ndio ulioelekea pabaya. Na programu ya kompyuta iache hadi uweze kukisia jibu kabla hujabonyeza, maana ukikosea kuiambia kwamba egemeo ni bawaba, itakuchorea uongo wenye rangi nzuri.

Ukipata nafasi, vuka Daraja la Kigongo–Busisi. Limefunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kama kilomita 3, na zamani pale tulikuwa tunasubiri kivuko hadi jua linazama. Kaa upande wa dirisha. Waya zile za kwenye minara, mifupi kwa kimo kuliko ungetegemea, zinavuta. Minara inabanwa. Sakafu je? Fuata mzigo wa basi lako kutoka kwenye tairi hadi kwenye mwamba chini ya maji, kipande kwa kipande, na ukipotea njiani anza tena.

Sasa ile habari ya egemeo la tatu, kama ule ukuta wa ndani chini ya kenchi. Mwezi uliopita binti mmoja aliyeko field ofisini kwetu alinijia na swali la bimu yenye maegemeo matatu. Alikuwa ameugawa uzito kwa tatu. Nikamwambia milinganyo ya mizani haitatosha hapo, lazima uingize namna bimu inavyobonyea. Mzigo ukitandazwa sawasawa na maegemeo yakiwa usawa mmoja, kwa umbali sawa, la katikati linabeba 5/8 ya uzito wote, na kila la pembeni 3/16.

"Na la katikati likididimia kidogo, injinia?"

Nikafunga daftari tukashuka Mwaloni. Tulikuta boti inashusha, na wachukuzi walikuwa wameweka jiwe chini ya ubao, katikati. Tukakaa. Magunia yalivyozidi kutoka, boti iliyokuwa imezama kwa uzito ikawa inainuka, na upande wake wa ubao ukainuka nayo. Ulipokuwa hauna mtu, binti akachana karatasi, akachutama, akaipitisha kati ya ubao na jiwe. Ikapita bila kugusa popote. Akairudisha, akaiacha imechomekwa nusu. Mchukuzi mwingine akaja na gunia lake, na alipokaribia katikati ubao ukalala juu ya jiwe, karatasi ikabanwa. Binti akaivuta, haikutoka. Mchukuzi alipofika nchi kavu ikaachiwa, naye akaichukua, akaiweka juu ya goti na kuanza kuchora.