Kama chachu ni dhambi, mbona Wayahudi hula mkate ulioumuka siku ya Sabato?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Tumefundishwa kwamba chachu ni mfano wa dhambi, ndiyo maana Wayahudi wakati wa Pasaka hula mikate isiyotiwa chachu. Lakini nimeona picha za meza yao ya Sabato: mikate miwili iliyosukwa kama nywele, imeumuka vizuri kabisa. Je, hawavunji Torati?

JIBU: Amina, dada yangu. Hawavunji. Katazo la chachu ni la siku saba za Pasaka (Kutoka 12:15), si la mwaka mzima. Sababu nayo imeandikwa: walifukuzwa Misri wakatoka mbiombio, unga haujaumuka (12:39). Mpaka leo waokaji wa matza, yaani huo mkate wa Pasaka usiotiwa chachu, huchunga saa. Tangu maji yaguse unga hadi mkate uive zisizidi dakika 18, na muda huo donge haliachwi litulie: linakandwa, linasukumwa likawa jembamba, linatobolewa vitundu lisivimbe, linaingia kwenye tanuri kali. Unga na maji, basi. Kumbukumbu la Torati 16:3 inauita mkate wa mateso, na aliyewahi kuutafuna mkavu hatabisha.

Sabato ni habari nyingine. Mikate miwili inakumbusha mana, kwa kuwa siku ya sita waliokota maradufu (Kutoka 16:22). Hufunikwa kitambaa kwa sababu mana ilishuka pamoja na umande. Huko kusuka ni desturi iliyoanzia kwa Wayahudi wa Ulaya. Usihangaike kuitafuta kwenye Maandiko. Wa Yemen huoka kubaneh kwa moto mdogo usiku kucha, wa Ethiopia wana dabo. Lililoamriwa ni kutoa malimbuko ya unga (Hesabu 15:20). Zamani yalikwenda kwa kuhani. Siku hizi, Hekalu likiwa halipo tangu mwaka 70, anayekanda unga mwingi humega kipande kidogo, husoma baraka, kisha hukiteketeza.

Sasa chachu yenyewe, ambayo sisi wahubiri huipitia juu juu. Ni kweli Walawi 2:11 inaikataza katika sadaka ya unga iteketezwayo madhabahuni. Ila 23:17 inaagiza mikate miwili iliyotiwa chachu iletwe mbele za Bwana siku ya Pentekoste, na 7:13 inaitaka kwenye sadaka ya shukrani. Mungu angeagiza aletewe dhambi? Paulo alipotaja chachu ya ubaya na uovu (1 Wakorintho 5:8) alikuwa akizungumzia Pasaka. Na Bwana Yesu, aliyeonya juu ya chachu ya Mafarisayo, ndiye aliyefananisha ufalme wa mbinguni na chachu iliyotiwa katika pishi tatu za unga (Mathayo 13:33). Mfano hufuata mahali unapotumika.

Basi ukialikwa na jirani Myahudi Ijumaa jioni, kula bila wasiwasi. Atabariki divai kwanza, kisha mkate, atauchovya chumvi na kukupa. Ila wiki ya Pasaka usimpelekee maandazi yako. Chachu hairuhusiwi hata kukaa nyumbani mwake.