BLA na Jaish al-Adl: je, Wabulushi hawa wanapigania kitu kimoja?

Swali: Nasikia BLA (Jeshi la Ukombozi wa Balochistan) wanashambulia Pakistan, Jaish al-Adl (Jeshi la Haki) wanashambulia Iran, na wote ni Wabulushi. Ni kundi moja? Na mbona uasi huu hauishi tangu 1948?

Jibu: Watu ni wamoja (hao hao ambao babu zao walikuja Zanzibar na Mombasa kama askari wa masultani wa Oman), ila vita ni viwili. BLA na wenzao wa BLF (Chama cha Ukombozi wa Balochistan) wanataka Balochistan, jimbo la kusini-magharibi mwa Pakistan, ijitenge na nchi hiyo. Hoja yao ni utaifa, dini haimo. Jaish al-Adl, lililoibuka 2012 baada ya kiongozi wa Jundallah (kundi la Wabulushi lililolitangulia), Abdolmalek Rigi, kunyongwa Tehran mwaka 2010, linapigana kwa jina la Wasunni dhidi ya serikali ya Kishia. Ukiwachanganya hutaelewa ya Januari 2024. Tarehe 16 Iran ilipiga Panjgur, ndani ya Pakistan, ikisema inawasaka Jaish al-Adl. Siku mbili baadaye Pakistan ikapiga eneo la Saravan, ndani ya Iran, ikisema inawasaka BLA na BLF. Kila serikali inadai jirani anamfugia waasi.

Kuhusu kutokwisha, zamani palikuwa na wa kuzungumza naye. Mwaka 1973 Bhutto, kiongozi wa Pakistan, aliivunja serikali ya jimbo la Balochistan, makabila ya Wamarri na Wamengal yakapanda milimani kupigana, Shah wa Iran akaisaidia Pakistan kwa helikopta. Jenerali Zia alipompindua Bhutto 1977 alitoa msamaha, viongozi wakatoka jela, bunduki zikanyamaza. Masardari (wakuu wa makabila) wakiridhika, koo zao zilirudi nyumbani.

Njia hiyo imefungwa, na kwa maoni yangu jeshi lenyewe liliifunga. Agosti 2006 Nawab Akbar Bugti, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo hilo hilo, aliuawa katika operesheni ya kijeshi. Uongozi ukahamia kwa wasomi kama Allah Nazar wa BLF, daktari aliyetokea siasa za wanafunzi. Wapiganaji wengi sasa ni vijana wa Makran, pwani ya Balochistan, ambako sauti ya sardari ni hafifu, na watu wanaotoweka mikononi mwa vyombo vya usalama huwaongezea wafuasi.

Ukisoma habari za shambulio, tazama kwanza mlengwa. Treni, Wachina au bandari ya Gwadar, Pakistan: anza na BLA. Walinzi wa mpaka wa Iran au kituo cha polisi Zahedan, mji wa Iran: anza na Jaish al-Adl.