Kwa mliokabidhiwa ratiba ya skuli mwaka huu

Wadogo zangu wa taaluma, kila mwaka wa masomo ukianza naona yale yale ubaoni: maalim mmoja ana Fizikia 3A na 4B kipindi kimoja, na aliyepanga kashakwenda zake. Nawapenda, ndiyo maana nawasema.

1. Hesabu kwanza, ndipo uchore. Madarasa 12 ya mkondo mmoja, vipindi 6 kwa siku, siku 5, ni vipindi 360. Kwa walimu 15, kila mmoja anabeba 24. Ikiwa wa Kemia yuko peke yake na hesabu yake imetoka 38, ilhali wiki ina vipindi 30 tu, hapo hapana ratiba, hata utumie programu gani. Mpelekee mwalimu mkuu karatasi hiyo siku hiyo hiyo.

2. Kila ratiba iandikwe tarehe na nambari ya toleo. Ya zamani ibandue mwenyewe.

3. Makabidhiano ya mikondo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona mnarudia jambo lililomuumiza mtu.

Skuli yetu ya Unguja ilikuwa na mikondo miwili. Wa asubuhi wanatoka saa 6:30, wa mchana wanaingia saa 6:30, vyumba vile vile. Mpangaji nilikuwa mimi. Tena Adhuhuri hapa kwetu Novemba huingia mara tu baada ya saa 6, Februari husogea hadi kupita saa 6:30, basi daima inaangukia hapo hapo kwenye makabidhiano. Kengele inalia, hawa wanatoka, hawa wanasukumana mlangoni, wengine bado wanatia udhu. Na 2C ya mchana nilikuwa nimeipa Hisabati kipindi cha kwanza siku zote tano, makusudi, nikiamini asubuhi au mchana, kipindi cha kwanza ndicho chenye akili mbichi.

Dakika 15 zikipotea kila siku, kwa wiki ni 75: vipindi viwili vya dakika 40 kasoro dakika 5, katika somo lenye vipindi vitano. Darasa likabaki nyuma ya muhtasari. Kikaoni nikamuuliza Maalim wa Hisabati, mbele ya wenzake, mbona 2B wameshamaliza mada na yeye bado. Ni mtu mzima kwangu. Akajibu, "Naanza pale viti vinapopatikana." Nikauona ni udhuru. Muhula mzima nikamwandama: leta azimio la kazi, leta andalio la somo, mbona shajara haijajazwa.

Zamu ya wiki iliponifikia ndipo nilipomwona kwa macho yangu. Yuko mlangoni mwa 2C, chaki mkononi, kabla ya kengele, anamsubiri mwenzake wa asubuhi amalize kuwaandikisha wanafunzi noti. Alikuwa hivyo siku zote. Nilimwomba radhi kikaoni, kwa kuwa kikaoni ndipo nilipomvunjia heshima. Alinisamehe, lakini wale watoto waliingia mtihani wa muhula na mada mbili hawajazigusa.

Tulirekebisha hivi: asubuhi ikaanza dakika 10 mapema, jioni ikatoka dakika 10 baadaye, na zile 20 zikawa za kupishana na kusali. Kipindi cha kwanza tukakizungusha baina ya masomo. Kwa hiyo somo moja likisuasua katika darasa moja tu, tazameni kwanza limepangwa saa ngapi.

4. Ulizeni kila mwalimu anakaa wapi. Anayevuka Mkokotoni kwenda Tumbatu anafuata maji kujaa na kupwa, na saa zake husogea karibu dakika 50 kila siku. Msimpe kipindi cha kwanza halafu mkamwandika mchelewaji.

5. Ijumaa mchana isijazwe vipindi kama Jumanne, kuna sala. Na ratiba ya Ramadhani, yenye vipindi vifupi, iandaliwe mapema pamoja na hii, kwa sababu mwezi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka na bado kuna skuli zinazohangaika usiku wa mwandamo.

6. Rasimu aisome mpiga kengele kabla haijafika ubaoni. Yeye ndiye atakayekwambia kwamba kipindi cha tatu na mapumziko umeviandikia saa ile ile.