Anaongea peke yake, nimpeleke kwa shehe?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni mama wa Morogoro, nina binti wa miaka minne na nusu. Shida yangu anaongea peke yake, yani siyo kidogo, akicheza na vifuniko vya soda uani unamsikia "usimwage, pole pole, haya funika", utadhani kuna mtu pembeni. Juzi akaniuliza, mama, na wewe unasikia ninavyoongea humu kichwani? Mwili ukanisisimka. Mama mkwe anasema mtoto ana kitu, apelekwe kwa shehe akasomewe. Chekechea hawajalalamika na wenzake anacheza nao vizuri tu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza tulia, kwa ulivyoeleza sioni ugonjwa hapo. Watoto wa umri huo wanaongea peke yao sana tu, na mwanasaikolojia mmoja Mrusi anaitwa Lev Vygotsky alishalieleza hili kabla hajafariki 1934, mi mpaka leo sijapata maelezo yanayoniingia kama yake. Alisema mtoto anaanza kwa kuongozwa na maneno ya wakubwa, baadaye anayachukua yale yale anajiongoza nayo mwenyewe kwa sauti, halafu taratibu sauti inashuka, inakuwa minong'ono, midomo inacheza tu, mwisho inazama ndani na ndo huko kuwaza. Sasa msikilize vizuri binti yako. "Usimwage, pole pole" kayatoa wapi? Si ndo maneno yako ukimpa kikombe cha uji? Huyo mtu wa pembeni unayemuogopa ni wewe mama yake, umeshaingia humo ndani.

Na utaona anaongea zaidi akikwama, kifuniko kikigoma kukaa ndo maneno yanaongezeka, hata hilo Vygotsky aliliona. Kwa hiyo usimwambie nyamaza, unampokonya anachojisaidia nacho. Wengi wakishaanza shule ya msingi sauti inapungua yenyewe.

Hilo swali la kichwani ndo limenifurahisha kuliko yote. Maana yake kashaanza kujua kuna ndani kwake na kuna ndani kwako, na hamuonani huko. 1983 watafiti wawili, Wimmer na Perner, waliwasimulia watoto kisa cha kijana aliyeweka chokoleti kabatini akaenda kucheza, huku nyuma mama yake akaihamishia kabati lingine, akirudi ataitafuta wapi? Wa miaka 3 wengi wanasema kule ilipo sasa, kwa sababu anachokijua yeye anaona kila mtu anakijua. Wakivuka 4 ndo wanaanza kusema ataenda pale alipoiacha. Binti yako yuko hapo hapo, na jiandae, siri na vijiuongo navyo vinakuja kwa mlango huo huo, lakini ndo hapo pia anaanza kuelewa kwamba rafiki yake anaweza kuwa ana huzuni kwa jambo ambalo yeye halimuumizi hata kidogo.

Hujaniambia ulimjibu nini. Akiuliza tena mwambie sisikii mwanangu, niambie. Akimaliza na wewe mwambie la kwako, mfano mi nilikuwa nawaza bibi goti linamuuma, sijui kalala vizuri. Watoto wanaoongeleshwa mambo ya moyoni, hasira, woga, hamu, kusahau, wanawahi kuwaelewa wenzao.

Mama mkwe usigombane naye, anampenda mjukuu wake. Dua haina ubaya, ila mtoto asisikie anaambiwa ana jini, kwa umri huu ukimwambia ndani yake kuna kitu kibaya ataamini na ataanza kujiogopa. Hospitali nenda kama anajitenga na wenzake, anapoteza maneno aliyokuwa nayo, au anasema kuna sauti inamtisha na kumuamrisha.

SWALI: Habari anti, mimi ni baba kutoka Kakamega, niko na kijana wa miaka 2. Simu inaniambia kwa umri huu anafaa ajijue kwa kioo. Nilimpaka unga kwa pua nikamsimamisha hapo, akasimama tu ka mlingoti, hata hakujigusa. Ako sawa?

JIBU: Baba, kwa hilo la kioo usikose usingizi. Jaribio hilo lilianza kutumika kwa watoto huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 70, na huko wengi wanajigusa wakiwa kati ya miezi 18 na 24. Lakini utafiti uliotoka 2011 uliwapima watoto wa kwenu Kenya kwa kuwabandika karatasi kwenye paji la uso, na kati ya 82 ni wawili tu walioigusa, wengine walifanya kama wako, waliganda wakatazama, na walikuwemo wa miaka 5 na 6! Watafiti wenyewe hawakusema eti watoto hawa hawajijui.

Kuna mtafiti mwingine, Heidi Keller, aliyefanya kazi na Wanso wa Cameroon ambao mtoto hakai mbali na mwili wa mtu, akakuta wanachelewa kwenye kioo kuliko watoto wa Ugiriki ila kwenye kusikia anachoombwa na mama na kukifanya wanawatangulia. Simu yako hilo hailiulizi kabisa. Mwambie kijana amletee shosho kikombe, umtazame usoni akimkabidhi, halafu niandikie tena.