Chupa mbili za Domaine Tempier: ule nini nazo?

Dada, umeuliza upike nini Jumapili na chupa za mvinyo ulizoletewa kutoka Bandol, mji wa pwani wa Provence, kusini mwa Ufaransa: moja ya roze (mvinyo wa rangi ya waridi) na moja nyekundu, zote za shamba la mizabibu la Domaine Tempier. Hongera, hizo si za kunywa na chochote tu.

Roze yake ina mwili, yaani ni nzito kidogo mdomoni, kwa hiyo inabeba chakula chenye viungo. Mimi ningepika bouillabaisse, mchuzi wa samaki wa huko Provence wenye zafarani, nyanya na vitunguu saumu. Lulu Peyraud, mama wa shamba hilo, alijulikana kwa kuwapikia wageni sahani hiyo hiyo kwenye moto wa kuni. Usiigandishe roze, nyuzi 12 zinatosha, ikizidi baridi harufu inapotea.

Nyekundu ndiyo ya kuitunzia heshima. Sheria ya Bandol inataka angalau nusu iwe zabibu za Mourvèdre, na mvinyo ukae kwenye pipa la mbao miezi 18. Ukiwa mchanga unakaza ulimi. Mafuta ya nyama ndiyo yanayoulainisha, basi choma paja la mwanakondoo na rozmari na vitunguu saumu, ndani libaki jekundu kidogo. Samaki mweupe usimguse nayo, atafunikwa kabisa.

Tazama mwaka kwenye lebo. Kama haujatimiza miaka mitano, mimina kwenye jagi saa mbili kabla ya kula. Kama umepita kumi, simamisha chupa tangu Jumamosi ili machicha yatulie chini, kisha mimina polepole.